Mchubuko Uko Kwenye Karatasi au Kwenye Rangi? Angalia Kwanza Kabla ya Kusugua

 

Najua kuna mzazi atakayeuliza, mwalimu wa hesabu anatafuta nini kwenye mambo ya pikipiki? Swali ni zuri. Jibu langu ni kwamba darasani kwangu, nikiuliza watoto nani ana baba, kaka au mjomba anayeendesha boda boda, mikono mingi sana inainuka. Na Jumamosi nikipita karibu na bomba la maji naona watoto hao hao wakiosha pikipiki kwa mchanga, majivu na waya wa kusugulia sufuria. Wanasugua kwa bidii kabisa, wanataka ing'ae. Kumbe wanaiharibu, na mara nyingi pikipiki yenyewe si ya kwao. Ni ya mtu.

Mwezi Desemba nilienda Tororo kumsalimu shangazi yangu, na huko nilijifunza jambo ambalo lilikaribia kuvunja nyumba yake. Nimeona niwaletee na ninyi, kwa sababu linaweza kumpata yeyote hapa.

TULIKOTOKA

Wengine wenu mnajua historia yetu, lakini wageni hawaijui. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, vurugu zilipoanza, maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Tulikaa kwanza karibu na mpaka, halafu tukapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, katika wilaya ya Tororo. Baadaye wengi wetu tulihamishiwa huku Kiryandongo. Shangazi yangu yeye hakuja. Alisema hawezi kukaa mbali na mpaka, kwa sababu biashara yake ya samaki wakavu iko Busia. Basi akapanga chumba Tororo, akalea watoto wake huko, na mpaka leo anaishi pale.

Mtoto wake wa kwanza, ambaye mimi namwita kaka ingawa ni binamu, ni dereva wa boda boda. Anabeba watu na mizigo kati ya Tororo, Malaba na Busia. Na hapa lazima niseme kidogo, maana vijana wetu wengi hawajui kwamba hilo jina boda boda lilizaliwa hapo hapo mpakani. Tangu miaka ya 1960, pale Busia, watu wa baiskeli walikuwa wanabeba abiria na mizigo kutoka kituo cha Kenya hadi kituo cha Uganda. Kati ya vituo viwili kulikuwa na mwendo wa kutosha kumchosha mtu mwenye mzigo. Walikuwa wanaita wateja kwa Kiingereza cha mpakani, "border, border," na masikio ya watu yakafanya iwe boda boda. Baiskeli zilienea Uganda na magharibi ya Kenya, na kuanzia miaka ya 2000 pikipiki zikachukua nafasi yake kwa haraka. Upande wa Kenya, mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye pikipiki ndogo zisizozidi sisi 250, na hapo vijana wakanunua kwelikweli. Mambo mengi yamebadilika pale. Mwaka 2018 Marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri anamaliza shughuli za nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini boda boda hazikuondoka. Malori bado yanapanga foleni, na boda boda zinapita pembeni yake na mizigo mpaka usoni mwa dereva.

SANDUKU LA MWANAFUNZI

Pikipiki anayoendesha kaka si yake. Ni ya mzee mmoja wa mjini, na kaka anampelekea shilingi elfu kumi kila jioni. Kinachobaki baada ya petroli ndicho chakula cha nyumbani. Walikubaliana kwa mdomo tu: pikipiki ikiharibika kwa uzembe, dereva analipa.

Ile wiki niliyofika ilikuwa ya kufunga shule. Mnajua wiki hiyo ilivyo. Kila mwanafunzi wa bweni ana godoro, ndoo na sanduku la bati. Kaka alibeba msichana mmoja kutoka shuleni hadi Busia. Godoro nyuma, msichana katikati, na sanduku akaliweka mbele yake juu ya tangi la mafuta, kama wanavyofanya wote. Barabara ya vumbi, mashimo, sanduku linacheza. Alipofika na kulishusha, kwenye tangi jekundu kulikuwa na mstari wa buluu wenye urefu wa kiganja, na kando yake sehemu nzima imekuwa nyeupe nyeupe kama imepakwa unga.

Jioni mwenye pikipiki akaona. Hakupiga kelele, ni mtu mzima. Alisema tu, "Rangi ya tangi imeondoka. Kupaka upya ni elfu themanini. Ulete hadi Jumapili, au uniletee funguo."

Ndugu zangu, elfu themanini ndizo pesa shangazi alikuwa ameweka kwa ajili ya ada ya binti yake wa mwisho. Usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Shangazi alinong'ona, "Mwanangu, ukirudisha funguo tutakula nini? Na nikitoa hizi, mtoto ataingia shule na nini?" Kaka alikaa kimya, anaangalia chini.

Asubuhi alienda steji, na huko kila mtu ni daktari. Mmoja akasema sugua na waya. Mwingine akasema petroli inatoa kila kitu. Mwingine akatoa kiberiti cha gesi, eti pasha moto kidogo plastiki itajirudi. Juu ya tangi la petroli! Namshukuru Mungu kaka alikataa hilo la moto. Lakini petroli alijaribu. Alichovya kitambaa akasugua pembeni, na pale pale mahali palipokuwa panang'aa pakafifia, na ukingo wa ile karatasi ya plastiki ukaanza kujikunja. Sasa akawa na madoa mawili badala ya moja.

Ndipo tukaenda kwa fundi.

HII KARATASI NI KITU GANI?

Fundi yuko Busia, ana kibanda kidogo cha jua kali ambapo anabandika stika na karatasi za kulinda rangi kwenye pikipiki. Ni kijana kama sisi. Alitazama tangi, akacheka kidogo, akasema, "Mbona mnalia msiba na mgonjwa hajafa? Hii pikipiki imevaa karatasi."

Kumbe tangi lile lilikuwa limebandikwa plastiki nyembamba isiyo na rangi, imelala vizuri hata huioni mpaka uguse ukingo wake. Kazi yake ni moja: kitu kikikwaruza, kikwaruze plastiki, rangi ibaki salama. Mwenye pikipiki mwenyewe alikuwa ameinunua ikiwa imeshabandikwa, hakujua.

Fundi alitueleza kwamba kuna aina tatu ambazo watu wanachanganya.

Ya kwanza ni ile naironi laini inayokuja na pikipiki mpya kutoka kiwandani. Hiyo ni ya safari tu. Wengi wanaiacha miezi na miezi ili watu wajue pikipiki ni mpya. Si vizuri. Vumbi na maji vinaingia chini yake, jua linaikausha, na siku ya kuitoa inakatika vipande vipande na gundi inabaki.

Ya pili ni karatasi ya vinaili, plastiki ya jamii ya zile zinazoandikwa matangazo kwenye magari. Ni ya bei nafuu na ndiyo inayoonekana sana mitaani. Inalinda, lakini baada ya muda wa jua kali inageuka njano, inakuwa ngumu na kupasuka.

Ya tatu ni ya poliurethani. Hiyo ni nene zaidi na inavutika kama mpira. Historia yake inashangaza. Wakati wa vita vya Vietnam, jeshi la Marekani lilikuwa na shida ya mapanga ya helikopta kuliwa na mchanga na vijiwe, na kampuni ya 3M ikatengeneza plastiki ya kuyalinda. Baada ya miaka watu wakaanza kuibandika kwenye magari, na sasa imefika hadi kwenye pikipiki. Sisi ambao vita vimetuondoa makwetu, tunajua ni vitu vichache vinavyotoka vitani vikaja kulinda chakula cha mtu. Aina mpya za karatasi hii zina tabaka la juu ambalo likipata joto, mikwaruzo midogo inajifunga yenyewe. Vinaili haina uwezo huo. Joto linailainisha tu kidogo.

MAJARIBIO MAWILI

Fundi hakugusa dawa yoyote mwanzoni. Alifanya majaribio mawili ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaweza kuyafanya.

Jaribio la maji. Alimwaga maji safi juu ya sehemu iliyochubuka. Ule weupe ukapotea karibu wote. Maji yalipokauka ukarudi. Akasema, ukiona hivyo, mchubuko ni wa juu juu. Maji yamejaza vile vijifereji vidogo, na mwanga ukapita sawa. Lakini alama ikibaki vile vile hata ikiwa na maji, basi ama ni uchafu uliobandika juu, ama umekatika ndani zaidi.

Jaribio la ukucha. Alipitisha ukucha polepole kuvuka mstari. Pale kwenye buluu, ukucha ulipanda juu kama unapita kwenye tuta. Maana yake kuna kitu kimeongezeka juu. Ni rangi ya sanduku iliyohamia kwenye karatasi! Pale kwenye weupe ukucha uliteleza bila kukwama. Sehemu moja tu, fupi kama pingili ya kidole, ukucha ulizama na kunasa. Hapo karatasi ilikuwa imekatika na kona ya sanduku.

Kwa hiyo ule msiba wa elfu themanini ulikuwa vitu vitatu tofauti: rangi ya mtu mwingine iliyokaa juu, mikwaruzo midogo, na mkato mmoja. Kila kimoja kina dawa yake. Na rangi ya tangi ilikuwa salama chini.

NAMNA YA KUFANYA, HATUA KWA HATUA

Nimeandika kwenye daftari kama alivyofanya fundi, ili mkate ukurasa huu mwuweke.

1. Pikipiki iwe kivulini na injini iwe imepoa kabisa. Funga kifuniko cha tangi vizuri. Pasiwe na jiko, sigara wala kiberiti karibu.

2. Mwagia maji kwanza bila kugusa kwa mkono. Vumbi letu jekundu lina chembe ngumu. Ukisugua kabla hazijaondoka, unapiga msasa kwa mkono wako mwenyewe.

3. Tumia mabesheni mawili. Moja la maji na sabuni ya maji au sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, jingine la maji matupu. Kila ukipangusa, suuza kitambaa kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Kitambaa kiwe pamba laini, kwa mfano fulana kuukuu isiyo na vifungo wala mshono mgumu. Sabuni ya unga kama hamna budi, iyeyuke yote kwanza. Maji hayahitajiki mengi, nusu ya mtungi wa lita 20 inatosha, na mwisho mnaweza kumwagia mboga bustanini kama sabuni ni kidogo.

4. Rangi iliyohamia, alama ya soli ya kiatu, au mpira wa tyubu wa kufungia mizigo: weka matone machache ya mafuta ya kupikia, acha dakika kumi, kisha pangusa kwa kidole gumba kilichofunikwa kitambaa. Hii inasaidia pia kwa lami. Ikikataa, chukua spiriti ya kusafishia vidonda kidogo kwenye kitambaa, jaribu kwanza mahali palipojificha, halafu gusa alama sekunde chache na upanguse kuelekea upande mmoja. Geuza kitambaa kila mara ili usirudishe uchafu. Usipeleke spiriti kwenye ukingo wa karatasi, maana gundi italegea. Maliza kwa sabuni na maji.

5. Mikwaruzo midogo: chukua maji ya moto ambayo mkono unaweza kugusa lakini hauwezi kukaa ndani. Yasiwe yanachemka. Mwaga polepole kwa kikombe juu ya sehemu ile, mara tatu au nne, ukisubiri kidogo katikati. Kama karatasi ni ya poliurethani yenye tabaka la kujifunga, utaona mikwaruzo inafifia mbele ya macho yako. Kama ni vinaili, utapata nafuu ndogo tu, au hutapata.

6. Kama weupe bado upo na karatasi ni ya kung'aa, tumia dawa ya meno nyeupe ya kawaida, kiasi cha punje ya haragwe, kwenye kitambaa chenye maji. Zungusha taratibu bila kukandamiza, hesabu hadi ishirini, kisha suuza uangalie. Dawa ya meno ina unga laini unaosaga kidogo, ndiyo maana inasaidia, na ndiyo maana ikizidi inaharibu. Usirudie zaidi ya mara mbili tatu. Kwa karatasi isiyong'aa usitumie kabisa, utabaki na doa linalong'aa peke yake.

7. Mkato uliopita karatasi: hakuna dawa ya kupaka. Osha, kausha, na uache ukingo wake umelala. Usiuvute kwa ukucha. Ukianza kuinuka, fundi akate sehemu ile na kubandika kiraka, au abadilishe kipande chote.

8. Kutoa karatasi kuukuu: ilainishe kwa maji ya moto, inua pembe moja, vuta polepole huku ukiikunja nyuma ilale karibu na tangi, si kuinua juu kwa nguvu. Gundi iliyobaki ilainishe na mafuta ya kupikia. Wembe na kisu viwe mbali.

MAMBO YA KUKATAA

Waya wa sufuria, mchanga, majivu na msasa: vyote hivi vinageuza mchubuko mdogo kuwa mkubwa.

Petroli na thina: vinafifisha karatasi na kulegeza gundi. Tena ni hatari kwa watoto. Mtoto asinyonye petroli kwa mpira, asinawe nayo, wala asivute harufu yake.

Moto wa aina yoyote karibu na tangi: kiberiti, mshumaa, jiko, pasi ya makaa. Tangi ambalo linaonekana tupu bado lina mvuke wa petroli, na huo mvuke ndio unaolipuka. Karatasi ya plastiki haina thamani ya ngozi ya mtoto.

Na mtoto asioshe pikipiki iliyotoka safari sasa hivi. Bomba la moshi linachoma. Mimi mwenyewe nina wanafunzi wawili wenye kovu mguuni kwa sababu hiyo.

MWENYE PIKIPIKI ALIPOKUJA

Turudi Busia. Kazi ilichukua kama saa moja na nusu. Mstari wa buluu ulitoka wote kwa mafuta ya kupikia na spiriti kidogo. Weupe ulipungua sana, ingawa ukisimama upande wa jua bado unauona, maana karatasi ilikuwa vinaili. Mkato ulibaki. Na lile doa la petroli, ndugu zangu, halikutoka. Fundi alijaribu mara mbili akaacha. Alimwambia kaka, "Sanduku limekukosea kidogo. Wewe umejikosea zaidi."

Jumapili mwenye pikipiki alikuja nyumbani. Shangazi alimkaribisha, akampa kiti na chai, kama inavyopasa kwa mzee. Kaka alimweleza bila kuficha, hata habari ya petroli. Halafu akamwomba amwagie maji mwenyewe. Mzee akamwaga, akaangalia weupe ukipotea. Akapitisha ukucha. Akagusa ukingo wa karatasi, akasema, "Kumbe hii pikipiki ina nguo!"

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema elfu themanini hataki, maana rangi iko. Lakini ile sehemu ya petroli pamoja na mkato, kaka alipe kiraka, elfu kumi na tano. Kaka akakubali, akalipa kwa siku tano, elfu tatu tatu. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Siku hizo tano nyumbani walikula mboga bila samaki, na shangazi ni muuza samaki! Lakini ada ilibaki kwenye kibubu, na binti alifungua shule.

Mimi nilijiuliza maswali. Kama kaka angelisikiliza wale wa waya, rangi ingeondoka kweli, na elfu themanini ingekuwa halali. Kama angelipa siku ile ile kwa hofu, angelipia kosa ambalo halikuwepo. Kilichomwokoa ni mtu mmoja kusema, hebu tuangalie kwanza kilichoumia ni kipi.

KABLA YA KUCHUKUA PIKIPIKI YA MTU

Vijana wetu wengi hapa wanaanza kwa pikipiki ya kukodi au ya mkopo. Nawaomba mfanye haya manne kabla ya kuwasha injini:

Kwanza, zungukeni pikipiki pamoja na mwenye nayo mchana, si usiku. Kila mkwaruzo uandikwe: uko wapi, ni mrefu kiasi gani. Ulizeni kama kuna karatasi ya kulinda rangi, na mguse ukingo wake.

Pili, wote wawili mtie sahihi, na kila mtu abaki na nakala. Asiyejua kuandika asione haya, aje shuleni baada ya saa tisa, mimi na walimu wenzangu tutamwandikia. Kama kuna simu yenye kamera, pigeni picha pande zote nne.

Tatu, mkubaliane mapema nani analipa nini. Karatasi iliyochubuka si sawa na rangi iliyotoka, na rangi iliyotoka si sawa na tangi lililobonyea.

Nne, mzigo wa chuma usikae juu ya tangi bila kitu chini yake. Gunia lililokunjwa au kipande cha godoro kinatosha. Lakini kikung'ute kwanza, kwa sababu gunia lenye mchanga ni msasa. Na mzigo usizuie usukani, huko si kuchubua tena, ni kuua.

Kwa wazazi nina neno moja. Mtoto akiharibu au dereva wenu akiharibu, tunakimbilia kulaumu, na aliyelaumiwa anakimbilia kuficha. Kaka alisugua petroli kwa sababu alikuwa anaogopa, anataka alama ipotee kabla mtu hajaiona tena. Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Mimi naongeza tu: leteni maji kwanza, mwageni, mtazame pamoja.

Jumamosi ijayo asubuhi, nyuma ya darasa la sita, nitaleta mabesheni mawili, sabuni na fulana zangu kuukuu. Dereva mmoja amekubali kutoa pikipiki yake tufanyie mazoezi. Watoto wote wanaoosha pikipiki waje, na wenye pikipiki waje pia waone. Msilete mchanga wala waya.

Shangazi anawasalimu wote mliokuwa naye Mulanda. Anasema bado anawakumbuka, na akipata nauli atakuja.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea. Tukutane toleo lijalo.